Unataka kufundisha sayansi ya dunia? Kozi za kuchukua chuoni, moja baada ya nyingine

Ukifungua ratiba ya shule yoyote ya sekondari Tanzania, hutakuta somo linaloitwa sayansi ya dunia. Miamba, volkano, matetemeko, udongo, mito, mvua na sayari vyote vimo ndani ya Jiografia. Na Jiografia kwa wengi wetu ni "somo la sanaa". Kijana anatoka kidato cha sita na HGL au HGK (michepuo ya sanaa yenye Historia, Jiografia na lugha), anaingia chuo, anasoma miaka mitatu au minne bila kugusa fizikia wala kemia, kisha anakabidhiwa darasa na mada ya umbo la ndani la dunia. Anachobaki nacho ni kunakili notisi ubaoni, na wanafunzi wananakili nyuma yake.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia, na jambo hili linaniuma. Nchi yenye Kilimanjaro, Oldupai, Bonde la Ufa na Ol Doinyo Lengai ingepaswa kuwa na walimu wanaoshika jiwe mkononi na kulieleza. Walimu wa aina hiyo huandaliwa na kozi wanazosoma chuoni, na nyingi ya kozi hizo hakuna atakayekulazimisha kuzisoma. Itabidi uzitafute mwenyewe. Zifuate kwa mpangilio huu.

Hatua ya 1: Chagua programu kabla programu haijakuchagua

Mwalimu wa sekondari husomea masomo mawili ya kufundishia pamoja na kozi za elimu. Jiografia unaweza kuipata kupitia shahada ya sanaa na elimu, shahada ya elimu yenyewe, au shahada ya sayansi na elimu. Kwa anayetaka sayansi ya dunia, hii ya tatu ndiyo ya kutafuta kwanza. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kwa mfano, kimekuwa na shahada ya sayansi na elimu inayounganisha Jiografia na Hisabati, na nyingine Jiografia na Baiolojia. Mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hutoka kila mwaka. Usome mstari kwa mstari, maana sifa za kuingia hubadilika, na jina la programu peke yake halikwambii ndani yake mna nini.

Kama ulisoma PGM, CBG au EGM (michepuo inayounganisha Jiografia na sayansi au hisabati), milango iko wazi zaidi. Kati ya masomo ya kuoanisha na Jiografia, mimi naiweka Hisabati mbele. Hesabu zitakusaidia kwenye upimaji, takwimu, ramani na hali ya hewa, na walimu wa hisabati hawajawahi kutosha. Aliyetoka HGL au HGE asikate tamaa, ila ajue mapema kwamba kazi ya kuziba pengo ni yake.

Kuna pia njia ya kuzunguka: unasoma kwanza shahada ya jiolojia au ya hali ya hewa, kisha unachukua stashahada ya uzamili ya elimu, ambayo hata Chuo Kikuu Huria wanayo. Ni njia nzuri kwa mtu aliyegundua baadaye kwamba anapenda darasa. Tahadhari yake ni kwamba "jiolojia" si somo la kufundishia sekondari. Mwajiri atataka kuona Jiografia kwenye cheti chako cha matokeo, pamoja na somo la pili. Wenzetu wa Kenya wameliweka wazi: Tume ya Huduma za Walimu huhesabu angalau yuniti 8 kwa kila somo kati ya masomo mawili ya kufundishia, na hutaka alama ya C+ au zaidi katika masomo hayo kwenye KCSE, mtihani wao wa mwisho wa sekondari. Hata kama hutavuka mpaka, hesabu hiyo ya yuniti 8 ni kipimo kizuri cha kujipimia.

Hatua ya 2: Chora jedwali la safu mbili kabla ya kusajili kozi

Shahada ya kwanza Tanzania huwa na krediti zisizopungua 360, na krediti moja ni saa 10 za kazi: mihadhara, maabara na kujisomea vyote kwa pamoja. Kozi ya krediti 12 ni saa 120 za maisha yako. Zipange kwa akili.

Chukua daftari. Upande wa kushoto andika mada zote za maumbile ya dunia zilizomo kwenye muhtasari wa Jiografia wa sekondari, kidato cha kwanza hadi cha sita. Upande wa kulia andika kozi za chuo chako, za lazima na za hiari, ukiziweka mbele ya mada zinazohusika. Mada itakayobaki bila kozi mbele yake ndiyo itakayokuumbua darasani. Kozi zako za hiari zielekeze huko, hata kama rafiki zako wote wamekimbilia ile inayosemekana ina alama nyepesi.

Hatua ya 3: Misingi: fizikia, kemia, hisabati

Hapa ndipo wengi huuliza: fizikia ya nini kwa mwalimu wa Jiografia? Nitajibu kwa mifano mitatu ya hapa hapa nyumbani.

Wa kwanza ni Ol Doinyo Lengai. Mwanafunzi ameona video za volkano za Hawaii, uji mwekundu unaowaka. Kisha anaona picha za Lengai: uji mweusi unaotiririka kama matope, na baada ya siku chache mlima umekuwa mweupe. Atauliza kwa nini. Jibu liko kwenye kemia. Volkano nyingi hutoa uji wenye silika kwa wingi, na ule wa basalti hufika nyuzijoto 1,100 na zaidi. Uji wa Lengai umejaa kaboneti za sodiamu, potasiamu na kalisi, jamaa wa magadi tunayopikia maharage, na joto lake ni kati ya nyuzi 500 na 600 hivi. Kwa joto hilo, mchana hauonekani kuwaka. Ukigusana na unyevu wa hewa unabadilika kikemia na kuwa mweupe. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa uji wa aina hiyo kwa sasa. Mwalimu asiyejua kaboneti ni nini ataishia kusema "ni maajabu ya Mungu," na ni kweli ni maajabu, lakini mwanafunzi aliuliza kwa nini.

Wa pili ni Oldupai. Mary Leakey aliokota fuvu la Zinjanthropus Julai 1959. Mwaka 1961 ilitangazwa kwamba lina umri wa miaka milioni 1.75. Nani aliyehesabu? Ni fizikia ya nyuklia. Potasiamu ya mionzi iliyomo kwenye majivu ya volkano hugeuka kuwa gesi ya agoni kwa kasi inayojulikana, nusu yake ikiisha kila baada ya miaka bilioni 1.25. Wataalamu walipima majivu ya tabaka lile. Mifupa yenyewe hawakuipima. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayotenganisha mwalimu anayejua na anayekariri.

Wa tatu ni hesabu ya kawaida kabisa. Kwa wastani joto la hewa hupungua nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Moshi iko takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari, kilele cha Kibo mita 5,895. Tofauti ni kama mita 5,000, yaani nyuzi 32.5. Moshi ikiwa na nyuzi 28, kileleni tarajia kama 4.5 chini ya sifuri. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kulifanya hili kwenye daftari lake na akaelewa kwa nini kuna barafu karibu kabisa na ikweta.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza tafuta fizikia ya msingi inayogusa joto, mawimbi na mionzi, kemia ya jumla, hisabati ya kutosha kushika logi na trigonometria, na takwimu. Takwimu ni lazima. Kama programu yako haikuruhusu kusajili kozi ya fizikia, kamwone mhadhiri umwombe kukaa darasani bila kufanya mtihani. Wengi hukubali. Hutapata krediti, lakini utapata ulichokifuata.

Hatua ya 4: Jiolojia, na hapa usiwe na haraka

Kozi ya kwanza ya jiolojia itakufundisha umbo la dunia, madini, aina tatu za miamba, mabamba yanayosogea, volkano na matetemeko. Chukua yenye maabara. Ukiambiwa kuna jiolojia ya nadharia tupu na nyingine yenye vipindi vya kushika mawe, nenda kwenye mawe hata kama ratiba yake ni ya Ijumaa jioni.

Maabara yenyewe inakuwaje? Unapewa jiwe jeupe linalong'aa, unaulizwa ni nini. Ukitazama kwa macho linaweza kuwa kwatzi, linaweza kuwa kalisaiti. Unachukua kipande cha kioo unalisugua juu yake. Kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, chenye ngazi 10, kucha yako ni kama 2.5, kioo ni kama 5.5, kwatzi ni 7 na kalisaiti ni 3. Kioo kikichubuka, una kwatzi. Kisipochubuka, dondosha tone la asidi hidrokloriki iliyozimuliwa. Likitoa povu, ni kalisaiti, na povu lile ni gesi ya kaboni dioksidi. Kisha jiwe zito jeusi: lisugue upande wa nyuma wa kigae cha sakafu, ule usiong'aa. Likiacha mstari mwekundu kama kutu, ni hematiti, madini ya chuma, hata kama kwa nje halina wekundu wowote.

Uzuri wa elimu hii ni kwamba inahamia shuleni bila bajeti. Kioo kilichovunjika (funga kingo zake kwa plasta), msumari, kigae na siki. Siki au ndimu ni dhaifu kuliko asidi ya maabara, hivyo saga jiwe kidogo upate unga kwanza, ndipo udondoshe. Shule za pwani zinaweza kujaribu kwa kipande cha matumbawe kilichojengewa ukuta, povu utaliona. Shule za Mwanza na Dodoma zimezungukwa na graniti ya kale sana, mojawapo ya sehemu kongwe za bara hili. Ukishajua kwatzi na felispa zinavyoonekana, kila jiwe kubwa lililo nyuma ya madarasa linakuwa maabara.

Kuhusu matetemeko, hakikisha kozi yako inafika kwenye mawimbi. Tetemeko la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu na kubomoa nyumba na shule, na watoto wa Kagera bado wanalizungumzia. Mwalimu anatakiwa aweze kueleza kwamba mawimbi ya kwanza hufika upesi na ya pili huchelewa, na kwamba tofauti ya sekunde kati yake, ukiizidisha kwa 8, hukupa umbali wa tetemeko kwa kilomita, kwa makadirio. Sekunde 20 ni kilomita kama 160. Vituo vitatu, duara tatu kwenye ramani, zinapokutana ndipo kitovu. Ni kipindi kimoja cha dakika 80, na hakuna mwanafunzi atakayesinzia.

Nafasi ikiwepo, ongeza kozi ya pili: historia ya dunia na visukuku. Tendaguru, Lindi, ilichimbwa mifupa ya dinosauri kati ya 1909 na 1913, na mifupa hiyo imesimamishwa leo kwenye makumbusho Berlin. Mtoto wa Kilwa au Lindi ana haki ya kusikia habari hiyo kutoka kwa mwalimu anayejua umri wa tabaka zile unasomwaje.

Hatua ya 5: Sura ya nchi na udongo

Kozi ya jiomofolojia, yaani sayansi ya maumbo ya nchi, inapatikana karibu kila chuo chenye Jiografia, na kwa kawaida ni ya lazima. Tatizo ni namna inavyosomwa: orodha ya maumbo na faida zake. Isome kwa kuuliza nguvu gani ilifanya kazi na kwa muda gani. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliteremka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na kuua makumi ya watu. Mlima ule ni volkano ya kale, mvua ilikuwa kubwa, na mteremko ulioshiba maji ulishindwa kujishikilia. Ukiwa na jiomofolojia na fizikia kidogo, unaweza kufundisha tukio hilo kwa namna ambayo siku moja itaokoa mtu.

Kozi ya udongo wengi huiacha kwa watu wa kilimo. Mimi nasema ichukue. Katika shule za vijijini hakuna mada inayogusa mwanafunzi kama hiyo. Kondoa ina historia yake: mmomonyoko ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye eneo lililoharibika. Hiyo ni sayansi ya udongo, siasa na maisha ya watu mahali pamoja.

Hatua ya 6: Hewa, bahari na anga

Chukua kozi ya hali ya hewa na tabianchi, na uulize kama inahusisha kituo cha kupimia. Kusoma kipimajoto cha nyuzi za juu na cha nyuzi za chini ndani ya kisanduku cheupe, kupima mvua saa 3 asubuhi na kujaza fomu ni mambo ya kufanya kwa mkono. Ukiwa karibu na kituo cha Mamlaka ya Hali ya Hewa, andika barua uombe kutembelea.

Kozi nyingi hutumia vitabu vya Ulaya vyenye misimu minne. Wewe lazima utoke na uelewa wa masika na vuli, wa kwa nini Dodoma na Mbeya wana msimu mmoja wa mvua ilhali Tanga wana miwili, na wa kaskazi na kusi. Wavuvi wana maarifa yao tayari: bamvua na maji mafu ni somo zima la mvutano wa mwezi na jua. Bamvua huja mwezi ukiwa mchanga na ukiwa mpevu, jua na mwezi vinapovuta kwenye mstari mmoja. Maji mafu huja mwezi ukiwa nusu. Kwa bahari, hiyo na mikondo inatosha kwa sekondari.

Kuhusu anga, vyuo vichache vina kozi kamili ya astronomia. Ukiikosa, jisomee. Kimondo cha Mbozi, chuma cha tani nyingi, kinatosha kuanzia mazungumzo.

Hatua ya 7: Ramani, upimaji na kompyuta

Sitaeleza sana hapa kwa sababu kozi hizi ni za lazima kwingi. Ila kwenye ramani ya skeli ya 1:50,000, ambamo sentimita 2 ni kilomita 1, fanya mazoezi mpaka uweze kutazama kontua ukaona kilima. Mfumo wa taarifa za kijiografia usiuache upite hivi hivi: programu ya QGIS ni ya bure, picha za satelaiti za Landsat na Sentinel ni za bure pia, na laptopu ya kawaida inazimudu. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma, ndiyo yenye ramani za miamba ya nchi. Itafute ya wilaya utakayofundisha.

Hatua ya 8: Ziara za uwandani

Kuna wanafunzi hulipa ada ya ziara, wanapanda basi, wanapiga picha na kurudi. Mimi nilifanya hivyo mara moja, na niliporudi daftari langu lilikuwa na mistari minne. Ziara iliyofuata nilibeba nyundo, dira, kalamu ya wino usiofutika na mifuko midogo, na kila jiwe nililookota niliandika mahali, tarehe na nilichokiona kabla ya kuuliza mtu. Mawe yale bado nafundishia.

Usingoje chuo kipange. Aliyeko Iringa ana nguzo za Isimila zilizochongwa na maji. Aliyeko Tanga ana mapango ya Amboni kwenye mawe ya chokaa. Dar es Salaam kuna fukwe zinazoliwa na bahari mbele ya macho yako. Nauli ya daladala inatosha.

Hatua ya 9: Kozi za ualimu na mazoezi ya kufundisha (TP)

Mbinu za kufundishia Jiografia utafundishwa, lakini pengine pamoja na Historia na Uraia. Ukiweza, ingia pia kwenye mbinu za kufundisha sayansi, maana huko ndiko hufundishwa kuandaa jaribio, kusimamia maabara na kuuliza swali kabla ya kutoa jibu. Wakati wa TP, omba mada za maumbile ya dunia. Walimu wenyeji mara nyingi watakupa kwa furaha. Andaa angalau vipindi viwili vya vitendo na uvihifadhi kimaandishi pamoja na makosa yaliyotokea.

Hatua ya 10: Karatasi zako

Kabla ya kuondoka chuoni, chukua maelezo ya kila kozi uliyosoma, yaani mada zake, saa zake na krediti zake, yakiwa na muhuri. Transkripti huonyesha jina la kozi tu, na siku utakapoomba kazi nchi nyingine au kuendelea na masomo, utaulizwa ndani ya "GE 1" mlikuwa na nini. Kufuatilia hayo miaka sita baadaye ukiwa umepangiwa kituo mbali ni safari ndefu na gharama.

Na kama umesajili leo kozi yenye maabara, andika kwenye orodha ya manunuzi: nyundo, kioo cha kukuzia cha mara 10, kigae kimoja cheupe. Vibebe kuanzia kipindi cha kwanza.